Sikio la Mpiga Taarab

Wengi husema wako tayari kupokea mawazo ya wengine. Wapiga taarab wa Unguja na Mombasa wamelifanya jambo hilo kuwa kazi ya mikono kwa zaidi ya miaka 100, na ndiyo maana nausifu ufundi wao.

Vitazame vyombo jukwaani. Udi na kanuni vimetoka nchi za Kiarabu. Fidla na kodiani ni vya Ulaya. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim aende Cairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa. Mombasa nao wakaingiza tashkota, chombo kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, chenye vitufe mfano wa taipureta. Na penye mkono mfupi, watu wa kidumbaki, muziki wa mitaani ulio ndugu wa taarab, walichukua sanduku la chai, wakalitia fimbo na kamba, wakapata besi.

Ila kuvikusanya vyombo ni jambo dogo. Kazi ni kuvifanya visikilizane. Shingo ya udi haina vigawanyo kama vya gitaa, na ya fidla vilevile: kidole kinatafuta mahali pake chenyewe, sikio likihukumu. Bayati, mojawapo ya maqamu (ngazi za sauti) za Kiarabu, ina sauti inayokaa katikati ya vitufe viwili vya piano, na kodiani ya kawaida haina sauti hiyo. Mpigaji wake lazima ajue pa kuingia na pa kuiachia fidla nafasi. Mwenye kanuni naye, akicharaza kwa vidole vya shahada, hupenyeza mkono kwenye vishikizo vidogo kandoni mwa nyuzi, akaigeuza sauti wimbo ukiendelea. Anayejisikia mwenyewe tu huharibu kazi ya wote, na hilo husikika papo hapo hata kwa asiyejua muziki.

Nani aliyeusukuma mlango huu wa kupokea kwa nguvu kuliko mwimbaji Siti binti Saad? Alizaliwa Fumba, Unguja, na aliwahi kuuza vyungu akivitembeza. Taarab ya kasri iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye alikijua Kiarabu cha nyimbo, akaimba hata Kihindi, lakini Kiswahili ndicho alichokibeba hadi Bombay mwaka 1928, sauti yake iliponaswa kwenye santuri. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kuuawa kwa mwanamke na muuaji aliyetoroka. Watu wa Ng'ambo, upande wa watu wa kawaida mjini Unguja, walisikia ndani yake habari za mitaani kwao. Mwandishi Shaaban Robert aliona maisha ya Siti yanastahili kitabu, akayaandika.

Hapo ndipo naona siri ya ufundi huu. Lahani iliruhusiwa kutoka popote, Misri, filamu za Kihindi, ngoma za mashamba. Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua lahani za Kihindi waziwazi, wala hakuna aliyemsikiliza akadhani anamsikiliza Mhindi. Lakini shairi lilibaki na vina na mizani yake, na fumbo lake lilifumbwa kwa lugha ya nyumbani. Mgeni alikaribishwa na watu waliokuwa na nyumba. Asiye na chake hapokei, anamezwa.

Kwa sababu hiyo siungi mkono kila kilichoingia. Kinanda cha umeme kilipotawala taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, miaka ya 1990, mtu mmoja aliweza kupiga sehemu za watu kumi, na nafasi ya kusikilizana ikapungua mno. Hasara hiyo naihesabu. Hata hivyo, mwanamke aliyesimama mbele na kusema wazi yaliyomuumiza alipata ukumbi mkubwa kuliko wa mwanzo, na siwezi kulitukuza jina la Siti kisha nikamnyima huyu haki hiyo.

Kinachonipa matumaini makubwa kwa sasa ni Tausi, kundi la wanawake wa Unguja lililoanzishwa na Maryam Hamdani. Wanawake waliimba taarab kwa miaka mingi huku vyombo vikishikwa zaidi na wanaume. Katika Tausi fidla, udi na kanuni vimo mikononi mwao, na msichana anayetaka kujifunza kanuni ana mwanamke mwenzake wa kumwendea.