Tunapima mihogo, hatupimi kichwa ya mtoto

Wakubwa na wadogo wa muungano, leo nitasema juu ya utafiti mmoja wa watoto. Lawama yake inatuangukia hasa sisi wa agronomi.

Mwaka 2013, gazeti la waganga wa watoto Pediatrics lilitoa utafiti uliofanyika Kahemba, kule Kwango. Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao walipima watoto wenye konzo, ule ugonjwa unaokaza miguu ghafula na hauponi. Unafuata mihogo chungu isiyotayarishwa vizuri. Walipima pia watoto wa jirani wanaotembea vizuri, wakawalinganisha na watoto wa mahali pasipo konzo. Kumbe hata hawa wanaotembea vizuri walikuwa nyuma mu majaribio ya akili. Ndiyo kusema miguu inaweza kubaki mizima, na kichwa imekwisha kuguswa.

Tusiuongezee utafiti huu maneno. Watoto wale wanakosa pia protini, na protini ndiyo inasaidia mwili kuondoa sumu ya sianidi. Kutenganisha njaa na sumu si kazi nyepesi. Lakini hatuna sababu ya kungojea, juu dawa iko.

Unachanganya unga na maji, unautandaza mwembamba juu ya mkeka, masaa mawili kwenye jua ao matano kwenye kivuli. Sumu inatoka sawa hewa, halafu unapika bukari siku ile ile. Njia hiyo ni ya Howard Bradbury wa Australia. J. P. Banea na watu wa PRONANUT, programu ya serikali yetu, waliifundisha akina mama wa Kay Kalenge, zoni ya afya ya Popokabaka. Mu muda wa kazi ile hakukuonekana mgonjwa mpya hata mmoja.

Basi serikali haiwezi kusema haikujua. Lakini kufundisha kijiji kimoja si sera ya nchi. Watu wa afya wanajua sumu, watu wa kilimo wanagawa mbegu, na mtoto anabaki katikati.

Mimi mwenyewe nilipata lisansi bila kusikia neno konzo mu kozi hata moja. Mu memuari yangu nilihesabu majani yenye mozaiki na kilo kwa hekta. Hakuna mwalimu aliyeniuliza: mtoto atakayekula muhogo huu atakuwa namna gani? Na mimi sikujiuliza.

Wengine watasema: Kwango ni mbali, hapa Mpala tuna ziwa, tuna ndagala. Ni kweli, ndagala ni protini. Lakini nyumba ngapi zinauza ndagala yote na kula bukari na sombe tupu? Tena tukumbuke vita ya Watwa na Waluba, namna watu walijaa mu makambi ya Kalemie mwaka 2017. Mtu aliyekimbia halowesi mihogo siku tatu. Na ukame unaongeza sumu ndani ya muhogo. Sisemi konzo iko Mpala. Nasema njia inayoileta si ngeni kwetu.

Tusiwalaumu akina mama. Kulowesha wanajua tangu zamani. Kinachowakosa ni siku na maji.

Ninaomba vitu viwili. Kabla ya mbegu kugawiwa, kiasi cha sumu kiandikwe pembeni ya mavuno. Na siku ya kupima watoto kilo, mama aonyeshwe ule mkeka na ule unga.

Na wewe unayeandika memuari mwaka huu, ongeza ukurasa mmoja. Karatasi ya pikirati inageuka kutoka njano kuelekea kahawia kadiri sumu inavyozidi. Si kazi ya maabara kubwa. Kuna mtu mu muungano huu aliyewahi kupima unga ya kwao? Atuambie alipata nini.