Habari na Hadithi: Vitabu Vitatu vya Safari

Ni desturi ya wahakiki wetu kuvigawa vitabu vipya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la hadithi, nalo hupokewa, hupimwa, husifiwa au hukosolewa. Fungu la pili ni la habari za kweli, yaani maisha ya watu, safari na kumbukumbu za watawala. Hilo huachiwa wanahistoria, kana kwamba mwandishi wa habari hana mtindo wala lugha ya kupimwa. Nia ya makala haya ni kuwapendekezea wasomaji vitabu vitatu vya miaka ya karibuni, kimoja cha hadithi na viwili vya habari, na kuonyesha ya kuwa kila kimoja hueleweka zaidi kikisomwa pamoja na wenzake. Vyote vitatu ni vitabu vya safari, na safari ni mojawapo ya mashina ya nathari yetu.

Asemaye hivyo hana budi kutoa ushahidi. Mwaka 1901 Carl Velten alipiga chapa huko Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Ndani yake watu wa pwani wanasimulia kwa lugha yao wenyewe mambo waliyoyaona. Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari anaeleza Udoe na Uzigua. Salim bin Abakari anaeleza Urusi na Siberia, alikofika mwaka 1896. Punde si punde, mwaka 1902, Heinrich Brode akaanza kutoa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Maandishi hayo yalirudishwa kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki na W. H. Whiteley, aliyeyatoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza kuwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959.

Ayasomaye masimulizi hayo leo hukuta nathari iliyokomaa. Vitendo hufuatana kwa -ka- moja baada ya nyingine. Bei, uzito wa pembe na idadi ya watu hutajwa bila madoido. Hofu na huzuni hazielezwi sana, bali huachwa zionekane katika matendo. Lakini liko neno moja ambalo watungaji hao hawalifikirii mara mbili, nalo ni neno washenzi. Kwao lilikuwa jina la kawaida la watu wa bara, wasio wa dini wala wa mji. Tippu Tip hulitumia kama vile mtu anavyotumia neno mlima au mto. Leo wengi wa wasemao na kuandika Kiswahili ni wajukuu wa watu walioitwa kwa neno hilo. Lugha iliyowatusi wazee wao imekuwa lugha yao, na wameipanua kuliko wenyeji wake wa kwanza walivyoweza kudhani. Jambo hili ni zito, na mhakiki wa Kiswahili hawezi kulipita kimya. Kwa sababu yake kitabu cha kwanza ninachokipendekeza kina haki ya kusomwa na kila mpenzi wa lugha hii.

Kitabu hicho ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam mwaka 2022. Asili yake ni Paradise, kitabu ambacho Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Mtungaji alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na Peponi ndicho kitabu chake cha kwanza kufasiriwa kwa Kiswahili. Mfasiri si mgeni wa kazi hii, kwa kuwa mwaka 2015 alikwisha kutoa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Habari yenyewe ni ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa na tajiri Aziz kutoka mji mdogo wa bara hadi pwani. Mtoto hudhani anakwenda kutembea kwa mtu wa jamaa. Khalil, kijana wa dukani, ndiye anayemfumbua macho: Aziz si jamaa, na Yusuf ni rehani ya deni la baba yake. Baadaye Yusuf anafuatana na msafara wa tajiri huyo kwenda bara, safari inayovunjika kwa maradhi, hongo na hasara, mpaka mtemi Chatu anapowanyang'anya mali yao. Mzungu mmoja ndiye anayeamua shauri lao na Chatu, na hapo msomaji hutambua ya kuwa zama za misafara zimekwisha. Mwishoni vita vya 1914 viko mlangoni, na askari wa Kidachi wanapita wakikamata watu.

Wahakiki wa kitabu cha Kiingereza wameonyesha zamani ya kuwa Gurnah alichota katika masimulizi ya Safari za Wasuaheli, hasa ya Selemani bin Mwenye Chande. Basi tafsiri hii ni zaidi ya kitabu cha Kiingereza kilichovikwa nguo ya Kiswahili. Habari iliyosemwa kwa Kiswahili ilichapwa Ujerumani, ikageuzwa hadithi kwa Kiingereza, na sasa imerudi nyumbani ikiwa imebeba jambo ambalo msimulizi wa kwanza hakuwa nalo: macho ya yule asiye na sauti katika msafara. Selemani alisimulia kama mfanyabiashara. Gurnah anasimulia kwa upande wa mtoto aliyewekwa rehani, ambaye hana faida katika pembe wala katika nguo. Ndiyo maana neno washenzi, likitoka vinywani mwa watu wa msafara, humfanya msomaji asite. Katika Kiingereza neno hilo lilisimama peke yake, geni, na msomaji wa mbali aliweza kulipita kama pambo la mahali. Katika Kiswahili halina pa kujificha. Msomaji wa Dodoma au wa Kisumu hulikuta likimwelekea yeye.

Ipo hasara pia, nayo yafaa itajwe. Katika kitabu cha asili maneno ya Kiswahili yaliyotiwa katikati ya Kiingereza yalikuwa alama ya ulimwengu mwingine uliopo nyuma ya maandishi. Yakirudi kati ya ndugu zake maneno hayo huyeyuka, na alama ile hupotea. Tena Kiingereza huweza kumwita Aziz kwa neno moja tu la ujamaa lisilosema kama ni wa kuumeni au kukeni. Kiswahili humlazimisha mfasiri achague ami au mjomba, na kila neno huleta haki na wajibu wake. Mwanafunzi wa elimu ya tafsiri atafaidika sana akikaa na vitabu vyote viwili mezani na kufuatilia mambo ya namna hii, ukurasa kwa ukurasa.

Gurnah mwenyewe aliliona shauri hili mapema. Kalasinga, fundi wa magari katika hadithi, ana nia ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili ingawa hajui Kiarabu. Ataifasiri kutoka Kiingereza. Wenzake humcheka, lakini kicheko hicho kina historia nyuma yake: tafsiri nzima ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilikuwa ya padre Godfrey Dale. Masheikh walijibu kwa tafsiri zao, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikamilika mwaka 1969. Mzaha wa Kalasinga, ukisomwa kwa Kiswahili, ni somo zima juu ya nani ana haki ya kufasiri na kwa ajili ya nani.

Kitabu cha pili ni Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi, kilichotolewa na Longhorn mwaka 2013. Wasomaji wanamjua mtungaji huyu kwa Kasri ya Mwinyi Fuad, Kuli na Vuta N'kuvute, na huenda wakakidhani kuwa ni hadithi nyingine ya Unguja. Sivyo. Hapa anasimulia safari ya ujana wake mwenyewe, alipotoka Unguja na kushika njia ya bara kuelekea kaskazini, hadi Sudan na Misri. Kwa watu wa Salim bin Abakari safari ya mbali ilikuwa ya kumfuata bwana wa Kizungu. Kwa Shafi ni safari ya kijana mwenyewe, anayetaka elimu na dunia. Thamani yake kwetu ni kwamba mwandishi wa hadithi ameleta mikono yake ya hadithi katika habari ya kweli, na msomaji huweza kupima ni kitu gani hubadilika. Nakipendekeza hasa kwa walimu wanaofundisha masimulizi ya nafsi ya kwanza.

Cha tatu ni Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu cha Ali Hassan Mwinyi, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2021. Mtungaji alizaliwa Kivure, mkoa wa Pwani, mwaka 1925. Akalelewa na kusomeshwa Unguja. Akawa mwalimu, waziri, balozi nchini Misri, Rais wa Zanzibar, kisha Rais wa Tanzania toka 1985 hadi 1995. Alifariki dunia tarehe 29 Februari 2024. Kumbukumbu za mtawala ni ushahidi wa mtu mwenye haja, na msomaji hana budi kuupima kama aupimavyo ule wa Tippu Tip, kwa kuangalia yanayosemwa kwa urefu na yanayosemwa kwa ufupi. Mathalani, kila mtu anajua ya kuwa Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya raia walioteswa na kufa mikononi mwa polisi huko Shinyanga. Kurasa za jambo kama hilo ndizo zinazostahili kusomwa polepole.

Lakini sifa ya kwanza ya kitabu ni lugha yake. Benjamin Mkapa, aliyemfuata Mwinyi Ikulu, alitoa kumbukumbu zake mwaka 2019 kwa Kiingereza, na ndivyo walivyofanya viongozi wengi wa Afrika ya Mashariki. Mwinyi aliandika kwa lugha aliyotawala nayo. Mtawala ajielezaye kwa lugha ya watu wake hujiweka mbele ya baraza kubwa zaidi, maana muuza samaki aweza kumhoji sawa na profesa. Hilo ni tendo la adabu ya utawala, na pia ni mchango katika nathari ya Kiswahili. Wahakiki wa fasihi wakiliacha kwa wanahistoria peke yao, watakuwa wamejinyima wenyewe.

Kwa mpangilio wa kusoma, shauri langu ni hili. Msomaji aanze na kurasa chache za Tippu Tip katika chapa ya Whiteley, apate sauti ya msafara kama ilivyokuwa. Kisha asome Peponi, aone sauti hiyo ikihojiwa. Baadaye amfuate Shafi kaskazini, na amalize na Mzee Rukhsa, ambapo mtoto wa kijiji cha Pwani anafika mwisho wa safari ndefu na kuieleza bila mkalimani. Akifanya hivyo atakuwa amepita zaidi ya miaka mia moja ya nathari ya Kiswahili, na ataona kwa nini mpaka kati ya hadithi na habari hauna manufaa makubwa kwetu. Hadithi ya Gurnah inauliza ambalo habari ya Selemani haikuuliza; na pasipo habari ya Selemani, hadithi hiyo isingekuwa na njia ya kupita.