Nani Anayesadiki? Imani na Ukweli katika Kusadikika ya Shaaban Robert

Tangu ilipochapishwa mwaka 1951, Kusadikika imesomwa kwa njia mbili kuu. Wako wahakiki walioiona kuwa hadithi ya maadili, ambamo wema huteswa na hatimaye hushinda. Wako wengine walioifasiri kuwa istiari ya utawala wa Waingereza katika Tanganyika, iliyovishwa vazi la fantasia kwa kuwa mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Kila kundi limekipata lilichokitafuta. Ajabu ni kwamba kisa chenyewe kinahusu watu wanaoona kile tu walichokwisha kukiamini, na jambo hili halijapewa uzito unaostahili.

Ufunguo wa suala hili umo katika jina la kitabu. Kitenzi "sadiki" kimenyambuliwa katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo ina tabia ya kumficha mtenda. Mswahili husema mlango umefunguliwa na mtoto. Hasemi umefunguka na mtoto. Vivyo hivyo, neno "kusadikika" halimtaji anayesadiki. Nchi hii inasadikika, lakini na nani? Si ajabu, basi, kwamba Shaaban Robert ameiweka angani, mahali pasipo na udongo wa kukanyagwa. Uhai wa nchi ya namna hiyo unategemea imani ya wakazi wake, na imani ikitikisika, nchi nayo hutikisika. Ndiyo maana watawala wake wanakiogopa kitu kinachoonekana kidogo sana: Karama anashtakiwa kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mafunzo hayo hayaondoi tofali hata moja katika kasri ya mfalme. Yanachokiondoa ni mazoea ya kuyaona mambo kuwa hayana budi kuwa kama yalivyo.

Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbingu na ardhi zikiwemo, wakarejea na mawazo ya manufaa, na badala ya shukrani wakapata vifungo. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kwamba majina ya Shaaban Robert hubeba tabia za wahusika ni jambo linalojulikana hata na mwanafunzi wa sekondari. Lililosahauliwa ni kuyasoma haya kwa pamoja. Buruhani ni hoja ya kuthibitisha, Kabuli ni kukubali, Ridhaa ni kuafiki. Amini, je, yahitaji kufafanuliwa? Nchi iliyojiita kwa jina la kusadiki imeifunga hoja, ikaifunga na imani yenyewe.

Hapa ndipo usomaji wa kimaadili unapopwaya. Ukimchukua Waziri Majivuno kuwa mwovu tu, utadhani kwamba anaujua ukweli na kuuficha. Ila majivuno, kama jina linavyoashiria, hayahitaji uongo. Anayejivuna ameridhika na anachokiona, na kwake habari ya nchi yenye utaratibu bora haiwezi kuwa habari, ni tusi. Wajumbe hawaadhibiwi kwa kukosa ushahidi. Ushahidi wao unapokewa na macho yaliyokwisha kuamua kwamba Kusadikika ni kamili, na kwa macho hayo, kadiri habari inavyokuwa nzuri ndivyo kosa la mjumbe linavyokuwa kubwa. Usomaji wa kisiasa nao una haki yake, lakini ukiishia kwa Mwingereza unaliponya swali haraka mno, kwani Majivuno hana rangi maalumu, na Afrika huru imewafunga wajumbe wake yenyewe.

Hata hivyo, riwaya hii ina udhaifu ambao mapenzi kwa mwandishi yasiufunike. Baada ya siku sita za maneno, Mfalme Jeta anageuka, Karama anaachiwa na wajumbe wanafunguliwa. Ugeuzi huo ni mwepesi. Watu walioyakataa mambo yale yale kutoka kwa wajumbe wanayakubali kutoka kwa mshtakiwa, wala hakuna jipya lililothibitishwa. Msomaji hana njia ya kuzifikia nchi zile sita ila kupitia simulizi la Karama, na mfalme hana njia nyingine pia. Kilichobadilika ni namna ya kusikiliza: habari zilizokuja moja moja zilionekana utundu wa mtu mmoja mmoja, lakini zilipopangwa na kusemwa mfululizo mbele ya baraza zikawa historia ya nchi, na nchi ikajiona ndani yake. Ushindi wa Karama ni ushindi wa msimulizi. Amewatoa watu katika kusadiki jambo moja akawaingiza katika kusadiki jingine, lililo bora bila shaka, lakini lililopokewa kwa masikio tu. Buruhani ametoka gerezani bila kuulizwa swali hata moja.