Jitu, Tingatinga na Kufuli: Kusoma "Tumbo Lisiloshiba" Sambamba na "Ndoto ya Mashaka"

Chukua majibu ya watahiniwa wako kuhusu hadithi ya Said A. Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", uyapitie moja baada ya jingine. Utakuta sentensi moja inajirudia hadi inachosha: mwandishi amezungumzia unyakuzi wa ardhi. Ni kweli, amezungumzia. Lakini mtahiniwa akishaiandika sentensi hiyo huona kazi imekwisha. Hutaja Jitu, hutaja mabuldoza, humsifu Mzee Mago kwa ujasiri wake, kisha huhamia swali jingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika mkusanyiko uo huo ipo hadithi nyingine inayohusu watu wanaokosa makao mjini, nayo ni "Ndoto ya Mashaka" ya Ali Abdulla Ali. Sisi walimu aghalabu huipitisha hadithi hiyo chini ya vichwa vya ndoa na umaskini. Bila hiyo ya pili, ile ya kwanza inatufundisha nusu tu ya mambo.

Zamu ya mkusanyiko huu katika mtihani wa KCSE ilikuwa kati ya 2018 na 2022. Hilo lisikufanye uuweke kando. Anayesoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi hukutana na mtaa wa Matango na wakazi wake walioteketezewa makao, na majibu ya kukariri ni yale yale.

Hebu tuanze na Jitu. Wengi wetu huwaambia wanafunzi kwamba Jitu ni ishara ya viongozi wenye tamaa, tukaishia hapo. Tuitazame lugha yenyewe. Mwandishi angeweza kuandika mtu, au mtu mnene, akatumia ngeli ya watu. Ameandika jitu, na kwa uamuzi huo kila kitenzi kinachofuata kinabeba li-: linaingia mkahawani mwa Mzee Mago, linakula chakula chote, linaahidi kurudi kesho. Kesho inapofika yanakuja mabuldoza. Buldoza nalo ni la ngeli ya LI-YA. Linaingia, linakula. Msomaji hahitaji kuelezwa na msimulizi kwamba mlaji wa jana na mashine ya leo ni kitu kimoja. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kumwambia. Mtahiniwa anayeweza kueleza jambo hilo, hata kwa sentensi mbili za kawaida, amefanya uhakiki. Jina la mtaa, Madongoporomoka, lichambuliwe vivyo hivyo. Ni madongo yanayoporomoka, ardhi isiyoshika, na bado ndiyo ardhi ambayo wakubwa wanaitolea macho.

Tena hadithi hii haikutiwa chumvi. Mkazi wa Nairobi anaweza kukutajia Muoroto ya 1990, Kibera ya 2018 nyumba zilipobomolewa kupisha barabara, Kariobangi ya Mei 2020 wakati wa korona, na Mukuru kwa Njenga ya Oktoba 2021. Pote palikuwa na askari, tingatinga, na mama aliyesimama kando ya godoro lake. Mwandishi amefaulu kwa sababu ubomoaji wenyewe una umbo la hadithi: kuna siku yake, kuna kelele, kuna adui anayeonekana na kuna watu wanaokusanyika kumkabili.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wake pia. Wakazi wa Madongoporomoka wanaizungumzia ardhi kama yao, na vibanda vinapoota upya baada ya kubomolewa msomaji hufurahi. Lakini kibanda ni cha nani? Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wakazi walio wengi mno ni wapangaji. Mwenye vyumba mara nyingi haishi hapo. Huonekana mwisho wa mwezi, au humtuma mtu. Chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 kina kodi yake, maji hununuliwa kwa mtungi, na choo cha kulipia kina bei yake. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 2,143,254 jijini Nairobi. Ile ya 2019 ikahesabu 4,397,073. Watu wameongezeka zaidi ya maradufu katika miaka 20, na wote wanataka pa kulala usiku uo huo. Katika hali kama hiyo kodi hupanda bila tingatinga kuwashwa. Madongoporomoka hatusikii mwenye ploti akibisha mlango, na sidhani ni haki kumlaumu mwandishi kwa hadithi ambayo hakukusudia kuiandika. Wa kulaumiwa ni mwalimu anayeifundisha kana kwamba imemaliza yote.

Mwalimu huyo nimekuwa mimi. Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu, katika shule ya kutwa, aliwahi kuandika katika jibu lake kuhusu hadithi hii kwamba kwao hakukuja tingatinga. Mwenye nyumba alikuja mwezi wa pili wa deni akaweka kufuli lake juu ya lao, vyombo vikiwa ndani. Nilipiga mstari kwa kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Nje ya swali." Kwa kanuni za usahihishaji nilikuwa sawa, maana swali lilitaka ushahidi wa hadithi. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Tuliambiwa wamerudi kwa nyanya yake mashambani. Daftari lake lilibaki kwenye rafu ya ofisi, na nilipolifungua tena ndipo nilipoona kwamba alikuwa amesoma hadithi kuliko nilivyoisoma mimi. Alikuwa anauliza Jitu huja kwa sura ngapi.

Sasa tumwangalie Mashaka. Ana mke, Waridi, na watoto saba. Wanaishi katika chumba kimoja mtaani Tandale, jina ambalo mkazi wa Dar es Salaam halihitaji kuelezwa. Chumba hakiwatoshi, hivyo watoto wa kiume hulala jikoni kwa jirani aitwaye Chakupewa. Mwulize mtahiniwa atoe mfano wa jina la kimajazi katika hadithi hii, naye atakimbilia Mashaka, kwa kuwa maisha yake ni ya mashaka. Si vibaya. Lakini Chakupewa ni jina zito zaidi kwa suala letu. Cha kupewa si chako. Hukidai, hukiwekei kufuli, na aliyekupa leo anaweza kukihitaji kesho, hata bila ubaya wowote. Mahali pa kulala pa wavulana wale ni pa kupewa, na mwandishi ameliweka jambo hilo ndani ya jina la mtu bila kulitolea hotuba.

Kuna kinaya cha pili ambacho madarasa mengi hukiruka. Mashaka ni mlinzi wa usiku. Mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba mali ya wengine ina lango na kufuli hana mlango mmoja wa kuwafungia wanawe wote ndani. Anaporudi asubuhi wao wametawanyika. Mshahara wake ni duni, na hapa mwanafunzi aelekezwe asiandike tu "umaskini". Umaskini ni neno pana linaloficha hesabu. Afadhali aandike kwamba Mashaka anafanya kazi, hajalala wala hajalewa, na bado kazi hiyo haiwezi kumlipia chumba cha pili. Hiyo ndiyo hoja.

Tukimfikia Waridi, darasa hugawanyika. Wavulana humhukumu kwa kuondoka na watoto. Wasichana wengi hunyamaza. Sitaki kumtetea kwa kila jambo, ila ninaomba kwamba kabla ya kumjadili, mwalimu achore chumba kile ubaoni, aweke kitanda, aweke watoto wa kike, aweke sufuria, kisha aulize ndoa ingesimama wapi. Mazungumzo hubadilika.

Watahiniwa hodari hupenda kuingiza Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na wengine hutaja ushuru wa nyumba, ule wa asilimia 1.5 ambao tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 umekuwa ukionekana kwenye hati ya mshahara wako na wangu. Waruhusu, lakini kwa kipimo. Sentensi moja ya uhalisia baada ya ushahidi wa matini inatosha. Aya nzima ya habari za magazeti haimpi alama, na humla muda. Nakiri hata hivyo kwamba ninapoitazama hati hiyo kila mwezi humkumbuka mwenye lile daftari.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Nne swali hili, nawe unaweza kulijaribu: "Watoto wa kiume wa Mashaka wana makao. Jadili." Zaidi ya nusu walikubali, kwa hoja kwamba hawalali barabarani. Wachache walikataa wakitumia jina la jirani, jambo lililonifurahisha. Msichana mmoja aliyeketi nyuma hakuwa upande wowote. Aliinua mkono akauliza: ikiwa Chakupewa huwasha moto alfajiri apike chai, wale wavulana huamka saa ngapi? Tulifungua vitabu kutafuta jibu, tukawa tunatafuta hadi kengele ikalia.