Chungu Kilichovaa Dhahabu

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu ninayempongeza leo huenda bado analia gaeni, ila chungu chake kimevaa dhahabu.

Kazi huanza kwa matope tu. Bonge la udongo hukandwa hadi hewa itoke, likabwagwa katikati ya gurudumu, na vidole vilivyoloa maji vikaupandisha ukuta wa chungu polepole. Kuliweka bonge katikati sawasawa ndiko kunakowashinda wanagenzi. Chungu hukaushwa, kikachomwa tanuuni kwenye nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi. Dhahabu hungoja kipoe.

Hapo ndipo ninaposema heko. Mji wa Kanazawa, Japani, ndio unaofua karibu karatasi zote za dhahabu za nchi hiyo, na unene wa karatasi moja ni takriban sehemu 1 kati ya 10,000 ya milimita. Ukiishika kwa kidole, imekwisha. Ukipumua ovyo, imeruka. Mfinyanzi hupaka gundi, akailaza kwa kibano cha mwanzi, akaipapasa kwa brashi laini. Vijikunjo hubaki, nami navipenda kuliko mng'aro wenyewe.

Maharage, tafadhali, usipikie humo.