Kikapu cha Saida

Katika lugha yetu kuna maneno mawili ambayo watu huyatumia kama pacha, nayo si pacha: msamaha na radhi. Msamaha waweza kuombwa na yeyote na kutolewa na yeyote. Dereva wa daladala akikukanyaga mguu pale Rangi Tatu akasema samahani, ukamwambia hapana neno, jambo limekwisha. Radhi ni kitu kingine. Ni kweli kwamba kwa adabu twasema “niwie radhi” hata kwa mtu tusiyemjua, lakini radhi yenyewe, ile inayoogopwa, hushuka kutoka juu kwenda chini: kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwana. Mwana huhofia kufiwa na mama kabla ya kuipata. Sasa jiulize, ndugu msomaji, likitokea jambo la kinyume, kwamba mama ndiye anayedhaniwa kukosa, na mwana ndiye mwenye kinyongo, maneno yake yatatoka wapi? Mama ataomba kwa lugha gani?

Swali hili limenisumbua tangu nilipomaliza kusoma riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Gravel Heart, iliyotoka mwaka 2017. Jina lake twaweza kulifasiri kuwa moyo wa kokoto. Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akawa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent huko Uingereza hadi alipostaafu. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Baada ya tuzo ile watu wengi walizungumza habari za ukoloni na ukimbizi katika vitabu vyake. Mimi nataka kuzungumza juu ya mama mmoja.

Hadithi inasimuliwa na Salim, mtoto wa Unguja. Alipokuwa na miaka saba baba yake, Masud, aliondoka nyumbani bila ugomvi uliosikika, akaenda kukaa katika chumba kimoja nyuma ya duka la mtu. Huko akawa kama mgonjwa asiye na ugonjwa. Mama yake Salim, Saida, hakumfuata kwa matusi wala kwa machozi. Alipika, akapakia chakula katika kikapu, akampelekea. Kesho yake tena. Baadaye kazi hiyo ikawa ya Salim. Miaka inapita, kikapu kinakwenda na kurudi, na hakuna mtu anayemweleza mtoto sababu. Kisha Salim anachukuliwa na mjomba wake Amir, mtu wa ubalozi mjini London, aende akasome. Anakaa Uingereza miaka mingi. Mama yake anafariki, Salim anarudi, na ndipo baba yake anapofumbua kinywa na kumweleza yote, usiku baada ya usiku.

Yote hayo ni haya. Amir, alipokuwa kijana, alikamatwa kwa ajili ya msichana, binti wa kigogo wa nchi. Kaka wa msichana huyo, Hakim, naye mwenye nguvu, alimwekea Saida sharti: ndugu yako atatoka ukija kwangu. Saida akaenda. Amir akatoka, na hata baadaye akamwoa msichana yuleyule na kupanda vyeo. Lakini jambo la Hakim halikuishia pale. Masud hakuwa na nguvu ya kuzuia wala ya kuvumilia. Saida alizaa na Hakim binti, Munira.

Aliyesoma Shakespeare atakuwa ameshatambua. Hii ni tamthilia ya Measure for Measure, nayo Gurnah haifichi. Salim mwenyewe anamsimulia baba yake. Wengi wetu hapa Tanzania tulimjua Shakespeare kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri tamthilia mbili, na mojawapo, Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, imejengwa juu ya suala la huruma na sheria. Measure for Measure nayo ni ya huruma, ila ni chungu zaidi. Isabella anaambiwa na hakimu Angelo kwamba kaka yake hatauawa endapo yeye atautoa mwili wake. Isabella anakataa. Kisha mtawala aliyekuwa amejificha kwa kujibadili sura anajitokeza, anapanga kila jambo, na mwishoni anagawa misamaha hadharani kama mtu anayegawa vyeti siku ya mahafali. Isabella mwenyewe anapiga magoti kumwombea Angelo. Hata Barnardine, yule mfungwa mkaidi ambaye ndiye aliyeitwa moyo wa kokoto, anaachiliwa.

Gurnah amefanya mabadiliko mawili, na hapo ndipo penye uzito wa kitabu. La kwanza, Saida anakubali. La pili, hakuna mtawala anayejitokeza mwishoni. Katika Unguja ile wenye nguvu ndio hao hao. Hakuna aliye juu yao ambaye atarudi siku moja na kuweka mambo sawa. Mwenye kudhani haya ni mambo ya kubuni tu akumbuke kwamba mwaka 1970 huko Unguja wasichana wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali, na habari hizo zilifika duniani kote. Riwaya haisimulii kisa kile, lakini imeota katika udongo uleule.

Nieleze sasa kitabu kilivyonigusa, kwa kuwa uhakiki usiotaja moyo wa msomaji huwa ni nusu ya kazi. Miaka mingi nimewafundisha walimu watarajiwa kutenga fani na maudhui, kuchambua wahusika, kutaja dhamira. Ni mbinu nzuri. Lakini kitabu hiki kwanza kilinipa hasira. Nilimkasirikia Masud. Nilisema moyoni: mwanamume mzima, mkewe ametolewa kafara na ulimwengu, naye anakwenda kujilaza nyuma ya duka na kupokea kikapu! Halafu nikamkasirikia Salim, ambaye huko Uingereza anamwandikia mama yake barua katika daftari na nyingi hazipeleki. Hasira hizo zote mbili zilikwisha nilipofikiria kikapu.

Kikapu kile ni nini? Mtu wa haraka atasema ni kuomba msamaha, kwamba Saida alikuwa akimwomba mumewe kila siku bila kusema neno. Nilidhani hivyo kwa kurasa nyingi. Lakini tazama jinsi mambo yalivyo. Anayeomba msamaha hungoja jibu. Akijibiwa ndiyo au hapana, huacha kuomba. Saida hangoji. Anapika kwa sababu yule ni mumewe na baba wa mtoto wake na lazima ale. Naona kikapu ni namna yake ya kusema kwamba lililotokea halikufuta lililokuwapo. Na Masud, kwa kukila chakula kile miaka yote, naye amesema jambo. Hakumsamehe kwa mdomo, lakini hakukirudisha kikapu kikiwa kimejaa. Nyumba ngapi hapa Mbagala zinaishi hivyo? Watu hawasemeshani, lakini wali unapakuliwa na kufunikwa kawa, na anayechelewa anaukuta.

Kuna jambo la pili lililonigusa, na hili sijaona likizungumzwa vya kutosha. Saida alikuwa mama kabla ya kumzaa Salim. Baba yake aliuawa baada ya Mapinduzi, mama yake naye hakukaa sana, na Saida akabaki na mdogo wake wa kiume, Amir. Sisi husema dada ni mama wa pili. Hivyo Hakim alipoweka sharti lake, hakuwa akimtaka dada achague kati ya heshima yake na kaka, kama ilivyokuwa kwa Isabella. Alikuwa akimtaka mama achague kati ya watoto wawili: yule aliyemlea na yule aliyemzaa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakutueleza uchungu huo unakuwaje wanapokuwa wawili, na kumwokoa mmoja ni kumvunjia mwingine nyumba.

Kisa hiki niliwasimulia majirani kwenye kibaraza, jioni, kwa Kiswahili, maana kitabu nimekisoma kwa Kiingereza. Wanaume wazee wenzangu walisema mwanamke wa heshima asingekwenda, hata ndugu yake afe. Wanawake walinyamaza. Kisha mama mmoja, mtu mzima, akaniuliza: “Mwalimu, huyo mdogo mtu alipotoka, alikwenda kumpigia dada yake magoti?” Nikamjibu kwamba kitabuni Amir ni mtu mcheshi, mtanashati, anayeendelea mbele na maisha. “Basi,” akasema, “huyo ndiye mwenye kokoto.” Nimesoma maoni ya wahakiki waliobobea, lakini sijapata hukumu fupi na kamili kama hiyo. Kila mtu katika riwaya hii ana kinyongo au aibu isipokuwa yule aliyefaidika. Salim ana kinyongo na mama, Masud ana aibu mbele ya mkewe, Saida amebeba vyote viwili. Amir ana mshahara.

Katika miaka yangu ya ofisi, kwanza shuleni na baadaye chuoni, niliona jambo lililonirudia nilipokuwa nasoma. Kosa la kijana lilipofika ofisini, aliyekuja kuinamisha kichwa aghalabu alikuwa mama. Baba akija, alikuja kulipa ada au kugomba. Mama alikuja na khanga yake, akakaa ukingoni mwa kiti, akaomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya. Tumewazoesha mama zetu kuomba msamaha kwa niaba ya watu wote, na yanapowafika wao makubwa hatuna akiba ya kuwapa. Mwaka uleule wa 2017 kilipotoka kitabu hiki, mwezi Juni, Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba msichana akizaa asirudi shuleni. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kuwa anaweza kurudi. Sitaki kuifanya riwaya kuwa waraka wa wizara. Nasema tu kwamba swali la nani humsamehe mama, na mlango gani huachwa wazi kwa ajili yake, si la vitabuni peke yake.

Mhakiki hana budi kutaja pia upungufu. Upungufu wa Gravel Heart ni huu: Saida hapewi nafasi ya kutosha ya kusema. Kisa chake, tena kilicho kizito kuliko vyote, kinasimuliwa na Masud kwa Salim, yaani mume anamweleza mwana, na mwenyewe yuko kaburini. Isabella wa Shakespeare ana ulimi mkali. Anabishana na hakimu uso kwa uso. Saida wetu anapika. Kwa sehemu hii yaweza kutetewa. Gurnah anaandika juu ya nyumba za ukimya, na msimulizi wa nafsi ya kwanza hawezi kutuambia asichokijua. Tena uchungu wa Salim unatokana hasa na kuchelewa huko. Hata hivyo nilipofunga kitabu nilibaki nikitaka usiku mmoja tu, kati ya zile nyingi alizozungumza Masud, uwe wa Saida. Pengine yeye angesema kwamba hakuna alilohitaji kusamehewa. Pengine angesema kinyume. Msomaji ameachwa akimhukumu au kumtetea mtu asiyekuwapo, na hilo halina haki kamili.

Nakubali pia kwamba sehemu za Uingereza zinachosha kidogo. Vyumba vya kupanga, kazi ndogondogo, mapenzi yanayovunjika kwa sababu jamaa wa msichana hawamtaki: hayo Gurnah ameyaandika mahali pengine, na kwa nguvu zaidi. Lakini msomaji asiyaruke, kwa kuwa humo ndimo zilimo zile barua. Katika barua ambazo hakuzipeleka, Salim anasema ukweli; katika zile alizopeleka anasema yu mzima, masomo yanaendelea. Vijana wetu walio Muscat, London au hata Kariakoo tu wanapiga simu na kusema maneno hayo hayo.

Sisi wenye umri wa miaka sabini na kitu, mama zetu wengi wameshatangulia. Maswali ambayo hatukuwauliza hayana tena wa kuyajibu. Wenye mama walio hai wana bahati kubwa, lakini bahati hiyo nayo huja na kazi. Kitabu hiki hakisemi “samehe” kama mahubiri, na wala Salim hafikii mahali pa kutangaza kwamba amemsamehe mama yake. Anafikia pa kujua alilolifanya na kwa nini alilifanya. Kwangu mimi, katika mambo ya mzazi na mwana, kujua kwanza; neno lenyewe, liwe msamaha au radhi, litajitafutia njia. Nimempa kitabu binti yangu, ambaye naye ni mama. Amekishika kwa wiki tatu sasa, na hajasema lolote, nami sijamwuliza amefika ukurasa wa ngapi.