Hongera kwa Halmashauri za Wales

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wales ilirejeleza takriban asilimia 5 tu ya taka zake za manispaa. Leo imevuka asilimia 65. Halmashauri zake 22 zinastahili pongezi, hasa kwa sababu zilikubali kujifunza. Mwaka 2011 serikali ilitoa mwongozo wa pamoja wa ukusanyaji, na mabaki ya chakula, ambayo zamani yalioza jalalani pamoja na kila kitu, yakapata ndoo yake na kuchukuliwa kila wiki.

Wapo watakaosema huo ni woga tu, kwa kuwa halmashauri isiyofikia lengo la urejelezaji yaweza kutozwa faini. Faini ina kazi yake, sikatai. Lakini haimwonyeshi mtu namna ya kupitisha gari la taka vijiji vya milimani, wala haimshawishi mwenye nyumba kutenga maganda na chupa. Hapo panahitaji kuulizana na kusahihishana, na Sheria ya Ustawi wa Vizazi Vijavyo ya 2015 imeufanya ushirikiano huo kuwa wajibu wa taasisi za umma. Nao bado unahitajika, kwani tangu mwaka wa fedha 2024/25 lengo la kisheria ni asilimia 70.